Hadi Kulungu Watolewe

Muuza mitumba alipokata kamba ya robota, hakuna aliyemngoja mwenzake. Akina mama waliokuja na sketi za kanisani walipanda juu ya meza, vijana wakapenyeza mikono katikati ya mabega ya watu, kila mmoja akiwinda kamera, zile nguo za kwanza ambazo bado hazijaguswa na mwingine. Watiri aliona kitambaa cha kijani, kizito, akakivuta. Kikakataa kuja. Mkono wa nguo ile ulikuwa umeshikwa na mwanamume upande wa pili wa meza.

"Achilia, dada. Hiyo ni jezi ya Kulungu."

"Iwe ya kulungu ama ya ng'ombe, mimi nimeshika shingo, wewe umeshika mkono. Nani ako na nguo hapo?"

Watu walicheka. Mwanamume naye alicheka, lakini hakuachilia. Alikuwa mrefu, koti lake la ngozi limechubuka begani mahali anapobebea ngazi, na kidevuni alikuwa na mikwaruzo mitatu mibichi. Watiri hakuweza kujizuia. Kazi yake ilikuwa videvu.

"Aliyekunyoa alikuwa amefunga macho?"

"Nilijinyoa."

"Inaonekana. Kuja kwangu siku moja, pale nyuma ya stegi ya matatu, kinyozi ya mlango ya buluu. Nitakutengeneza."

"Wewe? Mwanamke kinyozi?"

"Na bado uko na masikio mawili ya kukatwa. Achilia jezi."

"Kwanza niambie unaitakia nini. Hata haujui ni ya nini."

"Kulalia. Nyumba yangu iko na baridi na niko na mtoto anavuta blanketi usiku mzima."

Alilisema la mtoto mapema, kwa makusudi. Uzoefu ulikuwa umemfunza kwamba mwanamume wa kukimbia ni heri akimbie kabla ya chai. Huyu hakukimbia. Aliufungua mkono, jezi ikamwangukia Watiri kifuani, kubwa kama hema, kichwa cha mnyama mwenye pembe kimeshonwa mbele kwa uzi mzito.

"Chukua," alisema. "Lakini nitakuwa nikikuja kuiangalia. Naitwa Theuri."

Na kweli alikuja. Alikuja Jumamosi iliyofuata, na nyingine, na nyingine, mpaka wateja wa Watiri wakajua kiti cha dirishani ni cha Theuri, fundi wa madishi ya televisheni. Alikuwa akiegemeza simu yake kwenye kioo, na mashine ya kunyoa ikinguruma Watiri aliona, juu ya kichwa cha Theuri, wanaume wakiteleza kwenye uwanja mweupe wakiwa na magongo, wamevaa viatu vyenye visu chini, wakikifukuza kisahani cheusi ambacho macho yake hayakukipata.

"Hawa wanacheza ama wanapigana?"

"Vyote viwili. Ni hoki, lakini ya barafu."

"Barafu kama ile ya juu Kirinyaga?"

"Ile ile, tu wameipiga pasi."

Watiri alicheka mpaka akazima mashine, asije akamkata. Tangu utotoni, kule kwao Wamagana, aliamka akiuona weupe wa mlima, na haujawahi kumfaa kwa lolote zaidi ya kumkumbusha kuchukua sweta. Theuri naye aliujulia mchezo huu kazini. Mgeni mmoja wa hoteli alimwita amfungie dishi ili atazame Kulungu, timu ya kwao, mji mmoja wa magharibi ya Kanada. Theuri alikaa kuhakikisha picha haikatiki. Mgeni akalala, fundi akabaki.

Mapenzi yao hayakuwa na haraka. Theuri alimletea chapati zimefungwa kwa gazeti. Sophie, mtoto wa Watiri, alibebwa mabegani kutoka shule ya chekechea, akafundishwa kupiga kelele "Goliiii!" hadi jirani Warigia akagonga ukuta. Kwenye simu Theuri alimwita Watiri "kipa wangu".

"Mbona kipa?"

"Kwa sababu hakuna kitu inakupita, mpenzi."

Halafu, siku moja wakila ndizi za kuchoma, akasema bila kumtazama, "Nataka kukuja kwenu. Kuhanda ithigi."

Ithigi ni tawi la mti, na kuhanda ni kulisimika; ni kitu kidogo. Lakini mwanamume akija na watu wake na mbuzi wake, akalisimika tawi katika boma la wazazi wa msichana, kila apitaye anajua huyu amechukuliwa, asiguswe. Kwa Watiri, aliyezalia nyumbani, lilikuwa na uzito mwingine. Miaka mitano mama yake alikuwa akikaa benchi la nyuma kanisani kwa aibu. Alipoambiwa kuna mtu anataka kuhanda ithigi, alinunua rangi siku hiyo hiyo, akaanza kupaka sebule mwenyewe.

"Jumamosi ya pili ya Mei," mama alisema kwa simu, akihema. "Nimeshaambia mjomba wako Gikonyo."

Aprili mvua ilipoanza, Theuri alikosa Jumamosi mbili. Ya tatu Watiri alimwona kupitia dirisha, anavuka barabara akikwepa madimbwi, na ndevu zimemtoka kama nyasi ya makaburini. Hakuingia. Watiri akampigia simu palepale, mteja akiwa na povu usoni.

"Umepata kinyozi mwingine?"

"Kinyozi gani? Sijanyoa!"

"Ndiyo naona. Kwa hivyo umeamua kunikwepa. Sema tu, Theuri. Mimi si mtoto."

"Haiya! Sikukwepi wewe, nakwepa mashine yako. Kulungu wameingia mtoano."

"Ati?"

"Kulungu! Ile mechi ya kutoana. Wachezaji hawanyoi mpaka watolewe ama wabebe kombe, na shabiki wa kweli pia hanyoi. Ni mwiko yao. Ukinyoa, umewanyoa bahati. Na wewe ukinishika kidevu, nitakubali. Najijua."

Watiri aliketi kwenye kiti cha wateja wanaosubiri akacheka hadi machozi. Jioni ile Theuri alikuja na chapati, akakwaruza shavu la Sophie kwa ndevu, amani ikarudi. Ila lilibaki swali moja.

"Na ithigi? Mei ndiyo hiyo."

"Mpenzi, nitaingiaje kwa wazee na ndevu kama hizi? Watauliza nani ndiye mchumba na nani ndiye mbuzi."

"Nyoa siku moja tu."

"Na mwiko?" Alimshika mkono. "Tungoje kidogo tu. Kulungu hawajawahi kupita raundi ya kwanza. Wakitolewa tu, utaninyoa wewe mwenyewe, kesho yake tuko Wamagana."

Wakangoja. Na Kulungu wakapita raundi ya kwanza.

Mechi zilichezwa huko jioni, na kwetu ilikuwa alfajiri. Watiri alianza kuamka kuzitazama, simu imeegemea mkebe wa sukari, chai mkononi, Sophie pembeni ndani ya jezi iliyomfika vidoleni. Mwanzoni aliamka kuwaombea mabaya. Ndiyo ukweli: aliamka mapema, mama mzima, kuwaombea wana wa watu washindwe ili yeye aolewe. Lakini kipa wa Kulungu, mwembamba kama bua la mahindi ya kiangazi, alipigwa na kile kisahani kooni, akaanguka, akainuka, akazuia kingine kwa goti. Watiri alijikuta amesimama, chai imemwagika, akipiga kelele kwa Kigikuyu.

Toka siku hiyo hakuweza tena kuwaombea mabaya. Alijifunza kwa nini mchezaji hufungiwa kwenye kisanduku kando ya uwanja kwa dakika mbili kama mtoto mtundu. Macho yake yalizoea kukifuata kisahani. Aliwahubiria wateja wake, na mzee Waweru, aliyekuja kunyolewa mvi kila wiki, akawa anauliza habari za kipa kabla ya kuuliza za mvua. Kila Kulungu waliposhinda, Watiri alifurahi kwanza, kisha akakumbuka.

"Watiri," mama alipiga simu, "hao watu wa barafu bado?"

"Bado, Mama. Wameshinda tena."

"Ngai! Mara ya pili nasongeza siku. Mjomba wako anauliza huyo mtu ni Mnadhiri wa Bibilia ama ni mlevi."

"Mwambie ni shabiki."

"Hiyo nayo ni kanisa gani?"

Juni ikaingia na ukungu wake. Kulungu walikuwa wamefika hatua ya mwisho kabisa, fainali inayochezwa hadi mechi saba. Theuri akaaga kwamba anaenda Mwea, kuna kinu cha mchele kinataka madishi, atarudi baada ya siku chache. Wikendi yote simu yake haikupatikana. Jumapili alfajiri Kulungu walifungwa matano kwa bila.

Jumatatu aliingia kwa mlango wa buluu, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi na viatu vyeusi vyenye udongo wa mashamba ya mpunga. Kidevu chake kilikuwa laini kama yai.

Watiri alikuwa amemfunika mzee Waweru shuka, nusu ya kichwa imekwisha. Jambo la kwanza lililomtoka, Mungu amsamehe, lilikuwa la timu.

"Wametolewa? Si bado wako na mechi?"

"Bado. Watiri, kuna kitu nataka…"

"Jana walipigwa matano. Nikamwambia Sophie, kuna mtu mahali amenyoa." Alijaribu kucheka. "Ulinyoa lini?"

"Ijumaa."

"Ijumaa kabla ya mechi?"

"Kai, Watiri. Hiyo ni mchezo tu."

Mashine iliendelea kunguruma mkononi mwake, hewani, bila kichwa. Ni mchezo tu. Mama yake alikuwa ameomba radhi kwa wazee mara mbili kwa ajili ya mchezo tu.

"Ulikuwa unaenda wapi, Theuri, mahali ndevu haziwezi kuingia?"

Theuri alitazama viatu vyake. Mzee Waweru alifumba macho, akajifanya amelala.

"Mwea. Mama alikuwa ameongea na watu huko. Wako na msichana. Sikutaka usikie kwa mtu mwingine."

"Mkahanda?"

"Tulihanda."

Nje tauti wa matatu alikuwa akiita abiria wa Murang'a. Watiri alisikiliza mpaka akamaliza.

"Na mimi?"

"Mama alisema nianze na mwenye hana mzigo."

"Mzigo ako na jina. Anaitwa Sophie. Jana alipiga magoti kuombea kipa yenu."

"Usifikirie nilikudanganya na ndevu. Mara ya kwanza ilikuwa ukweli, naapa. Mama ndiye alikuwa amekataa, na mimi sikujua nitakuambia aje. Kila wakishinda, naona nimeongezewa siku."

Kumbe wote wawili walikuwa wakiamka kuwaombea Kulungu. Yeye kwa sababu aliwapenda, Theuri kwa sababu waliendelea kumficha.

Watiri aliishusha mashine, akamgeuza mzee Waweru taratibu, akamaliza upande uliobaki. Hakumkwaruza hata mara moja. Alipangusa shingo, akapaka spiriti, akatikisa shuka. Theuri alikuwa bado amesimama.

"Si lazima tukosane," alisema kwa sauti ndogo. "Naweza kukuja Jumatano tuangalie mechi. Sophie atafurahi."

"Wewe hauna mechi Jumatano. Wewe ulitolewa Ijumaa."

Theuri alitoka. Mzee Waweru alisimama, akavaa kofia, akaweka pesa yake juu ya meza.

Usiku wa Jumatatu Watiri alitaka kumpigia mama. Akasema kesho. Jumanne akasema kesho.

Jumatano Sophie ndiye aliyemwamsha. "Mama, Kulungu!" Wakaegemeza simu kwenye mkebe. Mechi hii ya saba ilikuwa sare mpaka muda wa nyongeza, na huko anayefunga kwanza ndiye anayechukua vyote. Kipa mwembamba alizuia, akazuia, akazuia. Kisha kisahani kimoja kilipita chini ya mkono wake, kidogo tu, kama panya chini ya mlango, na ikawa basi.

Wachezaji walijipanga mstari. Wanaume wakubwa wenye ndevu hadi kifuani walipita wakilia, wakiwapa mkono waliowashinda, mmoja baada ya mwingine.

"Mbona wanasalimiana?" Sophie aliuliza. "Si walikuwa wanapigana?"

"Ndiyo desturi yao. Ukishindwa unapeana mkono kwanza, halafu ndio unaenda nyumbani kulia vizuri."

"Theuri analia?"

"Sijui, mami. Kunywa chai."

Simu ikalia papo hapo, juu ya picha ya mstari ule. Ilikuwa mama. Siku hizi aliamka naye alfajiri, ingawa hakuwa na mahali pa kutazamia.

"Eeh, watu wa barafu?"

Watiri aliweka kikombe chini. Alikuwa ameyapanga maneno tangu Jumatatu, na sasa yaliyokuja yalikuwa machache.

"Wametolewa, Mama."

"Asifiwe Bwana!" Mama alipiga makofi upande wa pili. "Asifiwe! Nilikuwa nimefunga na kuomba, nilikuwa naona aibu kukuambia. Basi ni Jumamosi. Jumamosi hii!"

"Mama, ngoja…"

Lakini simu ilikuwa tayari imewekwa juu ya meza. Kwa mbali, ndani ya sebule iliyopakwa rangi mpya, Watiri alisikia pazia likivutwa na dirisha likifunguliwa, na mama yake akimwita Gikonyo ng'ambo ya ua, kwa sauti ya furaha ambayo hakuwa ameisikia tangu kabla Sophie hajazaliwa.