Saa ya Meya na Saa ya Mwalimu

Kila asubuhi, kabla kengele ya bweni haijanyamaza, Meya alikuwa ameshasimama kwenye foleni ya bafuni, taulo begani, mkono wa kushoto umekunjwa mbele ya kifua kama mtu anayesubiri kuapishwa. Hakuwa na cheo chochote. Jina hilo alipewa na wenzake kwa sababu ya saa yake, saa nene ya rangi ya fedha, yenye vitufe viwili ubavuni, visaa vidogo vitatu ndani ya uso wake, na jina la kampuni kubwa juu. Mjomba wake alimletea likizo iliyopita, akamweleza kwamba saa za namna hiyo huvaliwa na marubani na madereva wa mashindano, kwa kuwa hupima pia muda wa mbio. Meya aliipokea habari hiyo kwa unyenyekevu mkubwa, kisha akaitangaza bweni zima.

Aliyelala kitanda cha chini yake aliitwa Sindano, kwa wembamba wake. Huyo foleni hakuijua. Saa hizo alikuwa uwanjani akikimbia peke yake, kwa sababu timu ya shule ilibakiza nafasi moja tu, na nafasi hiyo aliitaka kuliko kitu kingine chochote. Mpinzani wake alikuwa Kobe, mvulana aliyepewa jina hilo kwa namna anavyotoka kitandani, si kwa namna anavyokimbia.

Mchujo ulipangwa Alhamisi alasiri. Mwalimu wa michezo aliamua kila mmoja akimbie peke yake, mizunguko mitatu, kwa kuwa njia ya nyuma ya stoo ni nyembamba na mara ya mwisho hao wawili walipigana viwiko pale. Saa yake ya kupimia ilikuwa kwa fundi. Halafu akaitwa kikaoni, na majina yalitakiwa jioni hiyo hiyo. Akatazama huku na huku, macho yakatua kwenye mkono wa Meya.

"Hiyo inapima?" akauliza.

"Ndiyo, Mwalimu. Ni kama za marubani."

Mwalimu akaenda zake. Sindano akainama mstarini, Meya akahesabu mpaka tatu, akabonyeza kitufe cha juu. Mshale mrefu wa sekunde ukaendelea na safari zake kana kwamba hakuna aliyeugusa. Kilichoshtuka ni kishale kimoja kidogo, kilichoruka kutoka Alhamisi kwenda Ijumaa. Akabonyeza kitufe cha chini. Tarehe ikabadilika. Bwenini alikuwa akivibonyeza vitufe hivyo kila siku, kila mara kitu fulani kikasogea, naye akaamini kwamba huko ndiko kupima. Sasa Sindano alikuwa anakata kona ya stoo, na saa ya marubani ilikuwa imefika Ijumaa.

Angeweza kumwita arudi, waanze upya kwa mishale ya kawaida. Lakini pembeni walikuwa wamejipanga watoto wa darasa la chini, waliokuja kuiona saa ikifanya kazi. Basi Sindano alipofika, Meya alikunja uso, akaitazama saa kwa muda wa kutosha kuheshimika, akataja dakika na sekunde. Kobe naye alipomaliza, yu hoi, Meya akataja nyingine. Za Kobe zikatoka pungufu kidogo, kwa kuwa ndizo zilizomjia mdomoni. Jioni jina la Kobe likabandikwa ubaoni.

Sindano hakulalamika, na hilo ndilo lililokuwa baya. Asubuhi iliyofuata alisimama kwenye foleni ya bafuni, nyuma ya Meya. Meya akamuuliza kama anaumwa. Akajibu kwamba haumwi, ila hakuna haja tena ya kuamka mapema. Siku ile alijiona mwepesi kuliko siku zote, kumbe miguu yake inamdanganya. Akaomba aione saa. Akaishika kwa heshima, akaigeuza, akairudisha, akamshukuru. Chai ya Meya siku hiyo ilipoa kikombeni.

Katikati ya wiki iliyofuata saa ya mwalimu ilirudi kutoka kwa fundi. Ilikuwa ya marehemu baba yake, aliyekuwa mwamuzi wa mbio, na ilimpwaya mwalimu mkononi mpaka kamba yake ya ngozi ikaongezewa tundu. Mwalimu huyo, mama mkali wa mazoezi, alikuwa laini sana yakija mambo ya saa. Aliwahi kuona kwamba ya Meya ina jina lile lile, akamwita ofisini wazilinganishe.

Akazilaza pamoja juu ya rundo la madaftari. Ukisimama mlangoni, ni pacha. Ukisogea, undugu ulianza kupungua. Ya mwalimu ilijaa kiganja kwa uzito. Ya Meya ilikuwa nyepesi kama kifuniko cha kopo. Kishale kidogo cha sekunde cha ile ya zamani kiliteleza bila kusita, mshale wa ile ya Meya uliruka kidogo kidogo kama mtu anayevuka madimbwi. Mwalimu akampa miwani yake aangalie tarakimu. Kwenye ile ya zamani kila moja ilikuwa imechongwa na kusimama wima; kwenye ya Meya zilikuwa rangi tu, tena imevuja pembeni. Kisha mwalimu akabonyeza kitufe cha saa yake. Mshale mrefu, uliokuwa umetulia kwenye sifuri, ukaondoka. Akabonyeza tena, ukasimama pale pale. Akabonyeza cha chini, ukarudi juu, kwenye sifuri.

Alimweleza Meya kwa upole kwamba yake ni bandia, ya kuigiza tu, na kwamba wa kuona aibu ni waliomuuzia mjomba. Alitaka kuvijaribu na vitufe vya saa ya Meya, kengele ikalia. Akamrudishia, akamwambia awahi darasani.

Meya alikuwa salama kabisa. Alifika mpaka mlangoni akiwa salama. Hapo akageuka.

"Mwalimu, hii haipimi. Nikibonyeza inabadilisha siku tu."

Mwalimu akaweka miwani mezani. "Na zile dakika za Alhamisi?"

"Nilizitunga."

"Za nani?"

"Za wote wawili, Mwalimu."

Mwalimu hakupandisha sauti. Alimwambia aende akawaambie mwenyewe, kwa mdomo ule ule, na kwamba kesho yake mbio zingerudiwa.

Kobe aliposikia alisimama wima kwa mara ya kwanza bila kusukumwa. "Kwa hiyo ulinipa ushindi feki," akasema. "Na mimi nimeshampigia mama kwa simu ya ofisi. Utamwambia wewe?" Sindano aliinama chini ya kitanda kutafuta viatu.

Kesho yake, saa ya baba wa mwalimu ilipima. Meya, kama watu wengi wanaokiri makosa, alitarajia dunia imtuze kwa Sindano kushinda. Dunia haikuwa na habari naye. Kobe alishinda, kwa chini ya sekunde moja.

Sindano alilala chali kwenye nyasi, anahema huku anacheka. Meya akamsogelea.

"Sasa nimeshindwa na Kobe," Sindano akamwambia. "Kobe nitampata muhula ujao. Wiki nzima nilikuwa nashindana na mdomo wako, na huo sikujua nitaufukuza vipi."

Meya akavua saa, akamuuliza mwalimu kama aitupe. Mwalimu akaitazama kwanza, kisha akatazama yake; zilikuwa zinakubaliana.

"Kosa lake nini?" akasema. "Ulipoibonyeza ilikuonyesha Ijumaa, maana ndiyo kazi inayoijua. Haikutaja dakika hata moja. Aliyezitaja ni wewe, na mwenzako akaacha kuiamini miguu yake. Saa hii imeundwa iigize, haina hiari. Wewe unayo." Akamrudishia. "Ivae. Mtu akikuuliza kama ni halisi, mwambie si halisi. Akikuuliza ni saa ngapi, mwambie kumi na nusu."