Bwana Ila na Macho ya Mkewe

Ndugu zangu wa mtaa huu na wa mitaa mingine, sogeeni mnisikilize. Asubuhi ile ilikuwa tulivu kabisa. Cherehani inaunguruma barazani, redio ya jirani inasikika kwa mbali, na mke wa fundi amekaa kwenye kigoda anashona vifungo vya nguo za wateja. Ungepita hapo ungesema hawa watu wamebarikiwa. Walibarikiwa kweli, tatizo ni mdomo wa fundi.

Tulimbandika jina la Bwana Ila, na hakulipata bure. Mpe chai: "Tamu, ila ya moto mno." Mfulie shati: "Limetakata, ila kola hukuinyoosha." Siku moja mkewe alimpikia, jamaa akala mpaka akaramba vidole, kisha akasema, "Nimeshiba, ila sahani ndogo." Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Siku zile hata mkewe alicheka.

Mwenyewe aliamini anasema ukweli tu. Mke ukimsifu atabweteka, alijiambia. Lakini raha hakuwa nayo hata chembe. Kila alipogeuza macho nyumbani mwake aliona kasoro, akilala kanuna, akiamka kanuna.

Basi asubuhi hiyo akaingia mwalimu wa shule ya jirani, shati mkononi. "Fundi, hebu tazama mwenyewe."

Shati jeupe pee, na vifungo vyote vimeshonwa kwa uzi mweusi!

Bwana Ila akaja juu. "Mwanamke wewe, macho yako ya nini? Kikazi kidogo kama hiki kinakushinda?"

Wateja waliokuwa wakisubiri nguo zao wakainamisha vichwa. Mkewe akalichukua shati, akalisogeza usoni mpaka likagusa pua.

"Nisamehe, baba watoto. Nilidhani uzi ni mweupe."

"Mweupe? Huu?"

"Jicho la kushoto limezimika zamani. Na hili la kulia limeanza kuingia ukungu."

"Sasa kwa nini hukuniambia?"

Alijibu kwa upole, na ule upole ndio uliomchoma fundi. "Chai ikipoa kidogo tu nasemwa mpaka jioni. Jicho zima ningekuambiaje?"

Lo! Fundi alitafuta pa kuuficha uso wake asipaone. Ukutani zilining'inia nguo alizojivunia kila siku, na kila kifungo na kila pindo lilipita mikononi mwa huyu mama, akishona kwa kupapasa. Hakuwahi kumwambia asante, hata ya kinafiki. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto. Akafunga kazi, akamshika mkono mkewe, wakaenda hospitali.

"La kulia tutaliokoa," daktari alisema baada ya kumpima. "La kushoto mmechelewa."

Alisema "mmechelewa," kana kwamba ni wote wawili. Fundi alijua vizuri aliyechelewesha ni nani.

Mama alipotoka hospitali, jicho likiwa bado limefungwa bandeji, majirani tulikwenda kumpa pole. Tulimwambia apumzike, akakataa katakata. Akapapasa mpaka jikoni, akamletea mumewe chai. Kumbe alisahau sukari. Fundi akanywa funda moja, akameza, akasema mbele yetu sote, "Asante sana, mama watoto."

Yule mama akashtuka, akaishika meza kwa mikono miwili.

"Nimeharibu nini tena?"

Fundi akafunika uso kwa viganja, akalia kwa sauti. Hakuna aliyembembeleza.

FUNZO

Jamani, ukitendewa jema, shukuru, kisha unyamaze. Mwenye shukrani hulala na moyo mwepesi kwa sababu anayaona mema yaliyomzunguka, na watu wa nyumbani kwake hawaogopi kumwambia wanapoumwa. Asiye nayo hukosa vyote viwili. Fundi siku hizi hushukuru kwa kila kitu, na mkewe hadi leo husita kwanza, akisubiri kukemewa. Basi tuanze sasa hivi, wakati asante zetu bado hazijamtisha mtu.