Gauni la Mama Chaki

Ka-ka-ka-ka, kisha kimya. Baba amekata uzi. Hadi leo nikisikia cherehani ikinyamaza ghafla, narudi kwenye chumba kile: vipande vya kitambaa sakafuni, pasi ya mkaa karibu na mlango, na mdogo wangu akiokota vifungo. Kwa udogo wake tulimwita Kifungo.

Baba alikuwa fundi nguo. Kila jioni alitufundisha dini. Siku moja alitaka tujue ubaya wa uongo. Akatandika kipande cha nailoni, akakigandamiza kwa pasi ya moto. Kikajikunja, kikatoa moshi.

"Mmeona? Mbele ya Mungu, mwongo ndivyo anavyokuwa."

Tuliona. Tuliona mno.

Tangu jioni ile Kifungo aliacha kusali. Sisi tulisali, yeye akakodoa macho ukutani. Siku ya nne mama alimpakata.

"Kulikoni, mwanangu?"

"Mimi nilishadanganya," akanong'ona. "Nimeshaungua."

Mama akamgeukia baba. "Umesikia, Baba Kifungo? Hayo ndiyo mafundisho yako!"

Usiku ule baba hakumaliza chakula chake.

Kesho yake asubuhi jirani yetu, mwalimu wa chekechea, aliingia na gauni begani. Mtaa mzima ulimwita Mama Chaki.

"Fundi! Mkono huu umeushona kinyumenyume. Nipunge kwa nyuma kama kuku?"

Tulicheka wote, isipokuwa Kifungo. Mama Chaki akauliza ana nini. Baba akamweleza, macho chini.

"Sasa na gauni langu utalichoma?"

"Nilichome kwa nini? Nafumua, nashona upya."

"Basi mwonyeshe hilo! Mtoto hasahau alichokishika. Somo liwe moja tu. Mpe kitu mkononi, afanye mwenyewe. Ukimaliza usihubiri. Muulize ameona nini, kisha unyamaze."

"Kunyamaza ndiyo kazi ngumu," mama akasema.

Baba akampa Kifungo sindano, akamwonyesha pa kuanzia. Kifungo akafumua uzi mmoja mmoja, ulimi nje. Mkono ukaachia. Pembeni pakabaki safu ya vitobo.

"Pameharibika," akasema.

"Nyunyiza maji."

Akanyunyiza. Baba akaleta pasi. Kifungo akarudi nyuma. Baba akangoja, mpaka mwenyewe akasogea. Wakaishika pamoja, mkono mdogo juu ya mkubwa, wakaipitisha taratibu. Mvuke ukapanda. Vitobo vikafifia. Kisha baba akaushona mkono upya, safari hii sawasawa.

"Umeona nini?" baba akauliza. Akanyamaza kweli.

Kifungo akapapasa kitambaa. "Hukulitupa."

"Enhe."

"Mungu naye anafumua?"

"Ukimwambia palipokosewa, anafumua."

Kifungo akamgeukia. "Baba, chaki yako ya bluu ya kuchorea nguo niliivunja mimi. Nikasema ni paka."

"Paka wa watu! Nimemfukuza wiki nzima!" baba akasema.

Kifungo akacheka, machozi yakimtoka. Jioni ile alisali kwa sauti kubwa kuliko sote, akamwombea na paka.

Tangu hapo masomo yetu yalitoka mezani pa baba: uzi, chaki, futi ya kupimia. Mengine nimesahau. Nakumbuka alivyopiga magoti siku ile, macho yake usawa wa macho ya Kifungo.

"Mwanangu, nami nilishona vibaya, leo nimefumua. Nakuahidi mbele ya mama yako na kaka yako: sitakutisha tena kwa jina la Mungu."