Shimo Moja kwa Siku

Kwetu Petäjävaara mtu hasemi kwamba anaumwa. Anasema, "Niko niko tu." Hata akivunjika mguu atasema, "Huu mguu umenisumbua kidogo." Ndivyo tulivyolelewa huku kaskazini mwa Ufini, na tabia hii imetuponza mara nyingi. Nitawasimulia yaliyotokea majira haya ya baridi. Taisto mwenyewe ameniruhusu. Mkewe, Rauha, ameniamuru.

Taisto ana miaka sitini na moja. Ndiye mtunzaji wa shule yetu. Kila asubuhi huondoa theluji uani kwa trekta kabla watoto hawajafika. Jumamosi huwasha sauna, kile chumba chetu cha mbao chenye mawe ya moto. Jumapili huenda ziwani kuvua. Ziwa linakuwa limeganda, kwa hiyo anatoboa barafu kwa keekee yake ndefu na kukaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Hatoboi shimo moja. Hutoboa kumi na mawili, kumi na matano, akahama kutoka moja hadi jingine. Keekee ile hamwazimi mtu. Shemeji yake aliwahi kuiomba, akapewa kahawa badala yake.

Mwezi wa kwanza, virusi vya mafua viliingia kijijini. Shule nzima ilikohoa. Taisto alilala siku sita kwa homa kali, viungo vyote vikimuuma. Siku ya saba homa ikashuka. Rauha akabadilisha mashuka.

"Haya, tumevuka," akasema.

Hawakuwa wamevuka. Wiki ikapita, kisha ya pili, na Taisto bado hana nguvu. Akivaa soksi moja, anapumzika kabla ya kuvaa ya pili. Akipanda ngazi tatu za mlangoni, anashika ukuta. Akisoma gazeti, mistari inampotea. Mchana anasinzia kitini, na akiamka amechoka kuliko alivyolala.

"Vipi leo?" Rauha humuuliza akirudi kutoka kazini. Yeye ni mpishi palepale shuleni.

"Niko niko tu."

Jumatatu moja aliamka mwepesi. "Nimepona," akasema. Akaingia banda la kuni, akapasua magogo tangu asubuhi hadi saa nane mchana. Kesho yake kikombe cha kahawa kilikuwa kizito mkononi. Akalala siku tatu. Hapo ndipo hofu ilipomwingia. Mafua hayafanyi hivi, aliwaza. Hiki ni kitu kingine.

Sasa, wazee wetu wana msemo. Wanasema sauna, pombe kali na lami ya msonobari visipokuponya, basi ugonjwa huo ni wa kufa. Siku hizi watu huusema kwa kucheka. Lakini Taisto alilelewa na bibi yake, na bibi yule hakuwa mtu wa mzaha.

Jumamosi akawasha sauna kali kuliko kawaida. Alikaa benchi la juu kabisa, akamwagia mawe maji mpaka mvuke ukamchoma masikio. Alitoka anaona giza, akashika mti wa nje asianguke. Jioni ile akanywa bilauri mbili za pombe kali. Jumapili akatoa kabatini chupa ya bibi, akajipaka kifuani ile lami nyeusi ya msonobari. Rauha akasikia harufu toka jikoni.

"We mzee, umekuwa mtumbwi siku hizi, hata upakwe lami?"

"Kifua kinawasha tu."

Jumatatu alikuwa amechoka vilevile, tena zaidi. Taisto akaketi ukingoni mwa kitanda, akahesabu kwa vidole. Sauna. Pombe. Lami. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani, na hakumwambia mtu. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Taisto aliyaficha.

Wiki hiyo Rauha alianza kuona mambo. Kwanza aliona karatasi imebandikwa kwenye sanduku la umeme, kwa mwandiko wa mumewe. "Fyuzi ya tatu ni ya friji kubwa." Akafikiri ni utaratibu tu. Kesho yake akakuta nyingine kwenye pampu ya kisima. "Baridi ikizidi nyuzi ishirini, washa taa hii ili bomba lisigande." Ya tatu ilikuwa bandani, kwenye mashine ya kuondolea theluji. "Vuta kamba mara mbili polepole, ya tatu kwa nguvu. Ikigoma, ngoja. Usiitukane."

Rauha akacheka peke yake pale bandani. Halafu kicheko kikamkauka. Mtu anayejua pampu yake hajiandikii maelekezo. Humwandikia atakayebaki.

Jioni jirani yao Urpo akaja kugonga mlango. Hakutaka kuingia ndani.

"Rauha, mzee ana nini? Amenipa keekee yake."

"Amekuazima?"

"Amenipa. Ameniambia niitunze."

Urpo alikuwa anaangalia viatu vyake. Rauha akashika fremu ya mlango. Alitaka kwenda kumuuliza Taisto palepale. Lakini miaka thelathini na minne ya ndoa, na hakujua aanzie wapi. Je, akiuliza, halafu ajibiwe? Akapika supu ya samaki na viazi. Wakala, wakaenda kulala.

Alhamisi baridi ilikuwa nyuzi ishirini na mbili chini ya sifuri. Rauha alirudi kutoka kazini saa nane akakuta nyumba tupu. Birika lilikuwa la baridi. Simu ya Taisto ilikuwa mezani. Mabuti yake hayakuwepo.

"Taisto?"

Akatoka bila kofia. Bandani hakuna mtu. Nyuma ya banda ndipo alipomwona. Alikuwa amepiga magoti kwenye theluji, kando ya kile kigari cha kuteleza wanachokokotea kuni. Nyusi zake zilikuwa nyeupe kwa barafu.

"Napumzika tu," Taisto akasema. Midomo yake ilikuwa mizito.

"Tangu saa ngapi?"

Hakujua. Rauha akamvuta mkono, hakuinuka. Akamvua glavu, vidole vilikuwa kama vyuma. Akavua koti lake akamfunika, akakimbia hadi barabarani, akasimama katikati na mikono juu.

Gari lililosimama lilikuwa la Sirkka. Sirkka ni muuguzi. Kazi yake ni kuzunguka kwa wagonjwa majumbani, na anakaa nyumba ya tatu kutoka kwao. Hakuuliza maswali mengi. Wakamwaga kuni, wakampakia Taisto kwenye kigari, wakamkokota hadi mlangoni.

Ndani walimvua nguo zenye theluji, wakamfunga blanketi, wakampa maji ya moto yenye sukari anywe taratibu. Sirkka akampima joto la mwili, akampima presha, akambana kidole kwa kile kifaa kidogo cha kupima hewa kwenye damu.

"Kifua kinauma?"

"Hapana."

"Ukiwa umekaa, unakosa pumzi? Moyo unakwenda mbio?"

"Hapana."

"Umewahi kuzimia?"

"Kwenye sauna niliona giza."

"Homa imerudi?"

"Haijarudi." Kisha akamtazama usoni. "Sirkka, usinifiche. Nina muda gani?"

"Muda wa nini?"

"Wa kuishi. Nimejaribu sauna. Nimejaribu pombe. Nimejaribu lami. Vyote vimeshindwa."

Rauha akaketi taratibu.

"Kumbe ndiyo maana ya zile karatasi," akasema.

"Sikutaka uhangaike na pampu peke yako."

"Mimi nimeogopa wiki nzima peke yangu," Rauha akasema. "Na wewe umeogopa peke yako. Na tunalala kitanda kimoja, Taisto."

Taisto akajifuta macho kwa blanketi. Sirkka aliwaacha kidogo, kisha akasema, "Bibi yako, Mungu amrehemu, hakuwa daktari. Lakini na mimi siwezi kukwambia huna kitu kabla hujapimwa. Uchovu wa namna hii mara nyingi ni mwili unajijenga baada ya virusi. Mara chache ni moyo, au mapafu, au damu imepungua. Kwa hiyo tunapima, hatukisii."

Akampigia daktari simu. Daktari akasema aletwe leo hii. Sirkka mwenyewe akawapeleka kituo cha afya. Walimpima moyo, wakamsikiliza mapafu, wakamtoa damu. Moyo na mapafu vilikuwa salama. Majibu ya damu yangekuja Jumatatu.

Siku nne zile zilikuwa ndefu. Lakini safari hii waliogopa pamoja. Rauha akimwona anakodolea macho dirishani, anamuuliza, "Unawaza damu?" Naye anajibu, "Ndiyo." Hofu ilikuwa ileile, ila sasa ilikuwa na watu wawili wa kuibeba.

Jumatatu Sirkka akaja na majibu. Damu ilikuwa sawa. Rauha akaweka kahawa na mkate mtamu wa hiliki mezani.

"Sasa kama sina kitu, mbona siwezi kuvaa soksi?" Taisto akauliza.

"Nani amesema huna kitu? Una uchovu wa baada ya virusi. Ni wa kweli, si uvivu. Homa ilitoka, lakini mwili wako bado unarudisha nguvu. Kwa wengine ni wiki mbili, kwa wengine hata miezi kadhaa." Sirkka akapuliza kahawa yake. "Hebu niambie. Kisima chako kikipungua maji, unafanyaje?"

"Navuta kidogo, nasimamisha. Kinajaa, navuta tena."

"Na ukikivuta chote siku moja?"

"Kinakauka. Pampu inaungua."

"Ile Jumatatu ya magogo ulivuta chote. Siku mbaya ulilala, ukawa salama. Siku njema ndiyo iliyokuponza."

Taisto akaitikia kwa kichwa polepole. Mambo ya pampu anayaelewa.

Sirkka akaendelea. "Pumzika kabla hujachoka, usingoje uchovu ukushike. Ukiona unaweza kazi ya saa moja, fanya nusu saa, keti. Usilale kutwa nzima pia, misuli italegea. Tembea hadi sanduku la barua na kurudi. Ukiweza hivyo wiki nzima bila kuanguka siku ya pili yake, ongeza hatua kidogo. Ukianguka, punguza. Lala saa zilezile kila siku. Kula vizuri, kunywa maji. Pombe acha kwanza."

"Na sauna?" Taisto akauliza kwa woga.

"Benchi la chini, dakika chache, moto mdogo, na Rauha awepo. Mwenye homa haingii kabisa, wala hafanyi kazi nzito. Virusi vinaweza kuingia kwenye misuli ya moyo."

"Na nikizidiwa?"

"Kifua kikiuma, ukikosa pumzi ukiwa umekaa, moyo ukienda ovyo, au ukizimia, piga simu ya dharura saa hiyo hiyo. Homa ikirudi, au ukizidi kudhoofika wiki hadi wiki, njoo kituoni. Na mtu akikuuliza 'vipi leo', sema kweli. Ile 'niko niko tu' yako ilikuwa karibu ikuue nyuma ya banda."

Taisto akatazama nje. Theluji ilikuwa inaanguka tena. "Na hii nani ataiondoa?"

"Mimi," Rauha akasema.

"Wewe hujawahi kuwasha ile mashine."

"Nina maelekezo kila mahali."

Akavaa mabuti, akaenda bandani. Akavuta kamba mara mbili polepole. Ya tatu akavuta kwa nguvu. Mashine ikagoma. Akangoja, hakuitukana. Akavuta tena, ikaunguruma. Taisto alikuwa dirishani na blanketi lake, analia na kucheka.

Haikuwa rahisi. Katikati ya mwezi wa tatu aliamka mwepesi tena, na Rauha akamkuta ameshika shoka.

"Kisima," Rauha akasema.

"Najisikia vizuri, mama."

"Ndiyo maana nasema kisima."

Akapasua magogo manne, akaketi. Kesho yake aliamka salama, na hilo likamfundisha kuliko maneno ya Sirkka. Shuleni walimpa kazi ya saa mbili kwa siku, baadaye nne. Karatasi bandani hazikubanduliwa. Rauha alikataa. Alisema zamu yake ya kuugua itakuja, na huyo mzee hajui hata mchele uko wapi, kwa hiyo na yeye ameanza kubandika zake jikoni.

Mwanzoni mwa mwezi wa nne barafu ilikuwa bado nene, lakini jua limeanza kuwa kali. Urpo akaja na keekee begani.

"Chukua. Inanitia woga kukaa nayo," akasema.

Kesho yake kwenye mpini palikuwa na karatasi, kwa mwandiko wa Rauha. "Mali ya Taisto. Shimo moja kwa siku."

Jumapili wakaenda ziwani wote wawili, kila mtu na ndoo yake. Taisto akatoboa nusu, akaketi. Rauha akamalizia. Maji meusi yakapanda shimoni. Wakatupa ndoana. Baada ya muda samaki wa kwanza akatoka, kisha wa pili. Wa tatu alikuwa mkubwa kama mkono wa mtu.

"Vipi leo?" Rauha akauliza.

Taisto alitazama uzi wake. Samaki walikuwa bado wanakula, na alikuwa ameisubiri siku hii tangu mwezi wa kwanza.

"Nimeanza kuchoka," akasema. "Twende nyumbani."

Rauha akakunja uzi, akampa mkono ainuke.