Mstari Mnyoofu Kwenye Kioo

Asubuhi nyumbani kwetu huanza na kelele mbili. Ya kwanza ni cherehani yangu. Ya pili ni mume wangu akigombana na redio za watu. Mimi nashona sare za shule sebuleni. Yeye anatengeneza redio, chaja na feni kwenye meza ya dirishani. Tuna stuli moja tu isiyoyumba, na kila siku tunainyang'anyana.

Zamani aliajiriwa kiwandani. Kiwanda kilipofungwa, alirudi nyumbani na boksi la bisibisi. Hakulalamika. Wateja wakaanza kuja mmoja mmoja. Nilijivunia mume wangu, sitaki kusema uongo.

Wifi yangu, dada yake wa pekee, alikuwa akitotolesha vifaranga. Watu walimletea mayai, akayaweka kwenye mashine yake ya umeme, na baada ya siku ishirini na moja wakachukua vifaranga. Kwa kazi hiyo alilea watoto wawili peke yake. Siku moja alikuja kwetu akisukuma mashine hiyo kwenye mkokoteni.

"Kaka, inajizima halafu inajiwasha yenyewe," alisema. "Ikiwaka, imeshasahau joto nililoipangia. Jumatatu napokea mayai mia mbili ya mteja wangu mkubwa. Nikimwangusha huyo, nimekwisha."

"Niachie mimi," mume wangu alimjibu.

Aliipima kwa mita siku mbili nzima. Mita ilionyesha volti tano, sawasawa na inavyotakiwa.

"Mita hainisaidii hapa," aliniambia. "Umeme ukishuka kufumba na kufumbua, yenyewe haioni. Nahitaji osiloskopu."

"Ndiyo mdudu gani huyo?"

"Ni chombo chenye kioo. Kinakuchorea umeme unavyopanda na kushuka. Tulikitumia chuoni."

Nilikuwa na akiba ya kununua ovaloki, ile mashine ya kufunga pindo za nguo. Nilimpa akiba yote.

Tulikwenda pamoja kwa mzee anayeuza vifaa vilivyotumika. Dirishani palikuwa na osiloskopu ndogo, nyembamba kama daftari nene. Mume wangu hakuitazama mara mbili. Macho yake yalikuwa kwa dude moja zito, lenye vitufe chungu nzima.

"Ile ya chuoni ilikuwa hivihivi," alisema. Alitabasamu hadi nikamwonea huruma.

Mzee alilichomeka dude lake kwenye umeme. Mstari wa kijani ukatokea kwenye kioo, mnyoofu na mzuri.

"Unaona? Inawaka," mzee alisema.

"Probu yake iko wapi, ule waya wa kupimia?" mume wangu aliuliza. "Ningependa kuijaribu kidogo."

Mzee alinuna. "Kama huniamini, iache. Wanaoitaka wapo."

Nikaona aibu. Tena sare za watu zilikuwa zinanisubiri nyumbani. Nikamvuta mume wangu mkono. "Mbona unamsumbua mzee wa watu? Si tumeona inawaka? Twende."

Tukaenda. Probu tulinunua duka la pili.

Nyumbani aliifungua mashine ya wifi, akagusisha probu kwenye waya wa volti tano. Mstari kwenye kioo ulibaki mnyoofu. Alitazama saa nzima. Haukutikisika.

"Umeme safi huonekana mstari mnyoofu," alisema kwa furaha. "Kumbe tatizo ni plagi tu, imelegea."

Alibadilisha plagi. Jumapili wifi alichukua mashine yake. Jumatatu mayai mia mbili yaliingia.

Siku ya kumi na nane wifi alikwenda sokoni. Aliporudi, mashine ilikuwa imejizima na kujiwasha. Ilikuwa imesahau joto, ikabaki kupasha tu. Alipasua yai moja. Ndani mlikuwa na kifaranga kamili, mwenye mdomo na manyoya, amekufa. Akapasua la pili, la tatu, la kumi. Yote yalikuwa hivyohivyo. Zilibaki siku tatu tu.

Aliiacha mashine mlangoni kwetu. Hakupiga kelele. Alimtazama kaka yake, akasema, "Ulisema nikuachie." Kisha akaondoka.

Mume wangu hakula siku hiyo. Kesho yake nilimwita aje kwetu jirani yetu, mwalimu mstaafu wa chuo cha ufundi. Mtaani tunamwita Mwalimu Waya. Ni mama mkali, lakini anajua kazi.

"Shikamoo, Mwalimu," mume wangu alisema.

"Marahaba. Iwashe nione."

Aliangalia dude lile. Akaonyesha kijichuma kidogo mbele yake. "Hapa osiloskopu inajitolea umeme wa kujipimia. Gusisha probu. Ikiwa nzima, utaona meno ya mraba yamejipanga."

Mume wangu aligusisha. Hakukuwa na meno. Ulikuwepo mstari uleule, mnyoofu, mzuri. Akabonyezabonyeza vitufe, akahamishia probu kwenye chaneli ya pili, tundu la pembeni. Mambo yakawa yaleyale.

"Umeme safi huonekana mstari mnyoofu, ni kweli," Mwalimu alisema. "Na osiloskopu iliyokufa nayo huonyesha mstari mnyoofu. Wewe umenunua taa, mwanangu. Taa ya kijani."

Mume wangu alikaa chini, sakafuni. Mimi nilijifanya natafuta sindano.

"Sasa ninunue ipi?" aliuliza baadaye. "Uwezo wangu ni mdogo."

"Kwanza niambie unatengeneza nini."

"Chaja, vikuza sauti, pawasaplai, redio."

"Basi anza na kazi yako, usianze na ukubwa wa dude. Kasi ya osiloskopu hupimwa kwa megahezi. Chukua kasi ya kitu unachopima, zidisha mara tano. Kwa kazi zako nyingi, megahezi hamsini zinatosha na kubaki. Mawimbi ya FM hutayaona vizuri, lakini hayo si mkate wako. Chaneli ziwe mbili, ili ulinganishe umeme unaoingia na unaotoka. Na iwe ya kidijitali."

"Kwa nini?"

"Ugonjwa wa mashine hii unakuja mara moja, unaondoka. Osiloskopu ya zamani kama hii inaonyesha na kusahau. Ya kidijitali unaitega. Umeme ukishuka, inapiga picha na kuishikilia hata ukiwa chooni. Lakini usidanganywe na namba ya kwenye boksi. Soma pia inachukua sampuli ngapi, yaani inaupima umeme mara ngapi kwa sekunde. Zikiwa chache, picha itakudanganya."

Kisha akashika kibanio cheusi cha probu. "Hiki kimeungana na waya wa ardhi wa nyumba. Usikibane kamwe upande wa umeme wa ukutani. Na usikate waya wa ardhi kwenye plagi, kama wanavyofanya wajuaji. Utaniachia mjane jirani, na mimi sipendi makelele."

Mume wangu aliuza baiskeli yake. Alirudi dukani, akaichagua ile ndogo ya dirishani. Safari hii mzee alinuna tena. Mume wangu alimwacha anune. Aliwasha, akachomeka probu, akaigusisha kwenye kijichuma, chaneli zote mbili. Meno ya mraba yakatokea. Ndipo akalipa.

Aliitega kwenye mashine ya wifi. Baada ya dakika arobaini hita iliwaka, na picha ikaganda kwenye kioo. Umeme ulikuwa umezama kama shimo. Alipofuatilia, akakuta kapasita moja, kile kikopo cha kutunza umeme, imekauka. Kapasita yenyewe ni ndogo kuliko kifundo cha kidole, na bei yake ni ya soda. Akabadilisha. Mashine haikujizima tena.

Alimrudishia dada yake. Wifi hakuifungulia hata mlango.

"Kaeni nayo," alisema kutoka ndani. "Mteja wangu ameshahama. Siku hizi nafua nguo za watu."

Basi tukakaa nayo. Tulinunua mayai mia moja, wakatoka vifaranga themanini na wanane. Wateja wa redio wameongezeka pia. Kila asubuhi, kabla ya kugusa kazi ya mtu, mume wangu anagusisha probu kwenye kile kijichuma na kuhesabu meno.

Tulimpelekea wifi vifaranga ishirini kwenye boksi. Alilipokea mikononi mwangu. Hakumtazama kaka yake.

"Ahsante, wifi," aliniambia. "Wewe ulitoa akiba yako ya ovaloki kwa ajili yangu. Wewe huna kosa."

Mume wangu alikuwa amesimama hapohapo. Pale dukani aliyasikia maneno yangu kwa masikio yake. Hakusema kitu. Nami sikusema.

Nayasema hapa. Ukienda kununua chombo cha kazi, kiwashe, kichomeke, kijaribu. Muuzaji akinuna, mwache anune. Na kama umekwenda na mkeo, akakuvuta mkono na kusema twende, mwambie asubiri.