Mkono wa Nyuma Kwenye Kona ya Saba

Ngurumo ilipanda mlima kama shangazi aliyechelewa harusini: kwa makelele, na kila mtu akiipisha. Juu yake alikaa Hoza Shemdoe, mjaribu-mota wa Jiji la Lushoto, miguu ikizungusha pedeli kwa raha zake, na nyuma yake kilo sitini za viazi zimefungwa kwenye keria.

Mwaka ule wa 2094 magari yalikuwa yamepigwa marufuku Usambara. Barabara zake zilikuwa zimeitafuna milima mpaka milima ikaanza kuporomoka. Kwa hiyo mboga, wagonjwa, barua, hata maharusi, vyote vilipanda kwa baiskeli za mlima zenye mota ya kati. Mota hiyo haikai kwenye gurudumu kama zile za mababu. Inakaa kitovuni mwa baiskeli, palepale pedeli zinapozungukia, na nguvu yake inapitia kwenye mnyororo na gia. Ndani yake kuna kihisi-mguu: ukikanyaga taratibu, inakuongezea taratibu, ukikanyaga kwa hasira, nayo inakasirika pamoja nawe.

Jiji lilitaka kubadilisha mota za wapagazi wake wote mia nne. Zilibaki mbili za kuchagua, Ngurumo na Unyoya, na wa kuzilinganisha alikuwa Hoza, kijana wa miaka ishirini na sita mwenye mapaja ya chuma na mdomo usio na breki. Alirusha majaribio yake mubashara. Watu elfu thelathini walimfuata kwenye miwani-picha zao, nusu kwa ajili ya mota, nusu kwa ajili ya masihara yake.

"Mnaisikia?" aliwauliza huku akipiga kelele ili asikike. "Hii siyo mota, hii ni mashine ya kusaga! Nikifika juu mtanikuta nimepaka unga!"

Ndani ya helmeti yake Karani, akili unde iliyoandika vipimo, ilisema kwa sauti yake isiyocheka kamwe, "Kona ya saba. Mwinuko asilimia ishirini na mbili. Joto la mota nyuzi tisini na moja, halipandi tena. Jumla mpaka juu itakuwa dakika sita na sekunde kumi."

Kesho yake ilikuwa zamu ya Unyoya. Viazi vilevile, njia ileile. Unyoya ilikuwa na nusu ya uzito wa Ngurumo, na badala ya gia za chuma ilikuwa na meno ya sumaku, ambayo husukumana bila kugusana. Haikutoa sauti yoyote. Hoza alipita kati ya watu kama wazo.

"Wapenzi wangu," alinong'ona, "hapa hata ukienda kuiba kuku, kuku mwenyewe hajui."

Alipofika kona ya saba, baiskeli ilianza kuzubaa. Halafu ghafla ikawa nyepesi, kana kwamba viazi vimeshuka vikaamua kutembea.

"Kuna nguvu ya nyuma nisiyoifahamu," Karani ilisema.

Hoza akatupa jicho kwenye kioo cha pembeni. Akaona kanga iliyofungwa kiunoni, tenga la karoti kichwani, na mkono mmoja uliokunjamana umeshika keria. Alikuwa Bi Mwantumu wa Magamba, mpagazi aliyekuwa akipanda mlima ule tangu Hoza hajazaliwa, siku hiyo akitembea kwa miguu.

Watu wa milima ile wana desturi. Ukimkuta mtu na mzigo kwenye mwinuko, unamsukuma. Huombi ruhusa, wala humsalimii kwanza. Salamu ni ya juu, mkishafika tambarare, kwa sababu anayepanda hana pumzi ya kuitikia. Wanauita mkono wa nyuma. Jana hakuna aliyeisukuma Ngurumo, maana kila aliyesikia mngurumo alijua mashine inajitosha, akakaa pembeni. Lakini leo Bi Mwantumu hakusikia kitu. Aliona baiskeli, aliona viazi, aliona mtoto wa watu anateseka.

Hoza alipaswa kufunga breki, kumshukuru, kushuka mpaka chini na kuanza upya. Alilijua hilo kama anavyolijua jina lake. Lakini kamera ya nyuma ilikuwa inawaka, na watu elfu thelathini walikuwa karibu kuona shujaa wa mota akisukumwa na bibi mwenye karoti kichwani. Masikio yalimchoma. Akapeleka kidole gumba kwenye swichi, akazima kamera.

"Hoza," Karani iliuliza, "nguvu ya nyuma niiandike nini?"

"Upepo."

"Kihisi-hewa kinaonyesha kwamba hakuna..."

"Karani! Upepo."

"Nimeandika upepo."

Juu, kwenye tambarare, alizima na kipaza sauti, akageuka nusu. "Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Pole, viazi vizito hivyo!"

"Asante bibi," akasema harakaharaka, kisha akawarudia watazamaji wake. Dakika tano na sekunde mbili. Nyuzi sabini. "Mmeona wenyewe! Ngurumo ikasage mahindi. Na ikikushinda Unyoya, ndugu yangu, kalaumu miguu yako!"

Maneno hayo yalienea mji mzima. Watu wakayachapa mpaka kwenye fulana.

Mhandisi Yusta Mbelwa, mkuu wa idara ya mota, alikuwa mtu wa kusoma vipimo mara mbili. "Hoza, hapa kona ya saba joto lilishuka," alisema. "Mahali penyewe ndipo lingepanda. Kwa nini?"

"Upepo, dada Yusta."

"Upepo unaotoka bondeni na kumsukuma mtu mgongoni?"

"Milima hii ina mambo yake."

Yusta alivisoma vipimo mara ya pili. Kisha akatia saini, kwa kuwa Hoza hakuwahi kumdanganya.

Mota mia nne za Unyoya zikafungwa. Kwenye njia fupi zilikwenda vizuri mno. Kwenye kona ya saba, ikiwa na mzigo kamili, Unyoya ilichemka, na mota ile ikichemka hujilinda: inapunguza nguvu yake bila hata kukohoa. Wapagazi walilijua hilo wiki ya kwanza. Hakuna aliyelisema. Nani aende ofisini akakiri kwamba miguu yake imeshindwa? Walishuka, wakakokota, wakatazama pembeni watu wakipita.

Na watu walipita kweli. Mkono wa nyuma ulikuwa umekwisha mlimani. Baiskeli ya Unyoya ya nini kuisukuma, wakati Hoza ameonyesha inajipandisha yenyewe?

Miezi minne baadaye mota ya Bi Mwantumu ilikata nguvu kwenye kona ileile. Baiskeli ikamrudisha nyuma, ikaangukia juu yake pamoja na karoti zote. Mfupa wa paja ukavunjika.

Hoza alimkuta hospitalini saa nne asubuhi, mguu umening'inizwa. Kando ya kitanda alikaa Zaina, binti yake, akimenya chungwa. Hoza alikuwa ameandaa utani wa kuingilia. Ulimwishia mlangoni.

"Shikamoo bibi. Pole sana."

"Marahaba mwanangu. Njoo, kaa. Wewe ndiye wa kupewa pole." Bi Mwantumu alishusha sauti. "Nimekuaibisha. Mota yako nzuri, kila mtu anasema. Ni miguu yangu hii, imezeeka."

"Siyo miguu yako, bibi."

"Ni yenyewe. Wewe si nilikuona siku ile na viazi? Ulikuwa unapaa! Nilikushika kidogo pale kwenye kona, unakumbuka?" Akacheka. "Lakini mkono wa mzee unaongeza nini? Nilikuwa najishikilia tu."

Kisu cha Zaina kilisimama katikati ya ganda la chungwa.

"Ulimsukuma, mama?"

"Kidogo tu."

Zaina alimgeukia Hoza. Hoza aliitazama sakafu ya hospitali na kugundua kwamba ina vigae vya kijivu. Alivihesabu mpaka ukutani. Kisha akaaga.

Kesho yake asubuhi aliomba baiskeli yenye Unyoya, akafunga kilo sitini za viazi. Akawasha kamera zote mbili. Hakusalimia watazamaji wake kwa utani, nao walingoja, wakidhani ndio utani wenyewe.

Kona ya saba mota ilizubaa, ikapunguza nguvu, ikakata. Hoza alikanyaga mpaka mapaja yakatetemeka. Baiskeli ikasimama. Akafunga breki, akabaki juu yake, hawezi kupanda, hawezi kushuka. Watu waliokuwa njiani walijipanga pembeni, wakitabasamu, wakingoja kichekesho.

"Siku ile nilisukumwa," Hoza alisema. "Bi Mwantumu wa Magamba ndiye aliyenipandisha. Nilimwona kwenye kioo. Nikazima kamera, nikamwambia Karani aandike upepo. Miguu yenu haina kosa. Haijawahi kuwa na kosa."

Tabasamu zilifutika moja baada ya nyingine. Hakuna aliyecheka, na hakuna aliyesogea.

Sauti ya Yusta iliingia kwenye helmeti, kavu. "Nimesikia. Nasimamisha mota zote mia nne leo hii. Ukimaliza, njoo ofisini."

"Ndiyo, mhandisi." Kumwita dada Yusta, kama zamani, hakuweza.

Mikono yake ilianza kufa ganzi juu ya breki. Angeweza kushuka akakokota, kama walivyokokota wengine miezi minne. Alikuwa ameshainua mguu, ndipo alipoona kwenye kioo mwanamke akitoka kwenye ile safu ya watu na kuja nyuma yake. Alikuwa Zaina. Hakusalimia. Aliweka mkono kwenye keria, akasukuma.

"Kuna nguvu ya nyuma," Karani ilisema. "Niandike upepo?"

"Hapana. Andika Zaina, binti wa Bi Mwantumu." Akaachia breki. "Kisha rudi kwenye jaribio lile la kwanza, uandike jina la mama yake."

"Nimeandika."

Walipanda hatua kwa hatua, pumzi za watu wawili na mnyororo unaolia. Walipofika tambarare, Hoza alishusha miguu chini, akavua helmeti na kugeuka ili apokee salamu, kama ilivyo desturi.

Zaina alikuwa ameshaachia keria. Alijipangusa vumbi kwenye kanga, akageuka, akaanza kushuka mlima.