Spika za Babu Magesa

Kila jioni akitoka shule, Wankyo alivua sare, akachota maji, akafungia mbuzi, kisha akaenda kukaa barazani na babu yake. Tangu msiba wa bibi yake, hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake kubwa pale nyumbani kwao Guta: kumsikilizia babu. Mgeni akipiga hodi, yeye ndiye aliyemwambia. Redio ikitangaza habari, yeye ndiye aliyezirudia kwa sauti ya juu karibu na sikio lake.

Babu Magesa alikuwa amepiga gitaa miaka mingi katika bendi moja ya Bunda, akisimama kando ya amplifaya usiku hadi usiku, na uzeeni masikio yakaanza kuziba. Mwanzoni aliyekuwa akimsikilizia ni mkewe, Bibi Tereza. Sasa Bibi Tereza alikuwa kaburini nyuma ya nyumba, na saruji ya kaburi lake ilikuwa bado haijabadilika rangi.

Arobaini yake ilikuwa imekaribia. Babu alitaka jambo moja tu siku hiyo: kupiga wimbo aliomtungia Tereza walipokuwa wachumba. "Nitaupiga mara hii, basi," alimwambia Wankyo. "Mwakani sijui kama nitasikia hata ngurumo."

Shida ilikuwa amplifaya. Bibi alipokuwa akiugua, nani angekumbuka kuiangalia? Ilikaa stoo pamoja na magunia ya pamba, panya wakaingia kwa nyuma wakatafuna karatasi za spika zote mbili. Mashine yenyewe, kuukuu lakini imara, ilikuwa nzima.

Basi Jumamosi babu na mjukuu wakaenda Musoma mjini, kwa fundi Felisian, wamebeba amplifaya na gitaa. Fundi aliikagua mashine, akaweka mezani spika za aina mbili.

"Mzee, zote zinalingana na mashine yako, hakuna itakayoiunguza," alisema. "Hizi nyeusi ni nzito, watu wa muziki wa sherehe wanazipenda. Hizi za karatasi nyepesi ni za gitaa. Ila sauti ni ya mwenyewe, chagueni kwa masikio."

Fundi alipiga nyuzi kwa spika nyepesi, kisha kwa zile nzito. Nje bodaboda zilikuwa zinanguruma. Babu aliinamisha kichwa, akakunja uso, mwisho akatikisa kichwa kwa unyonge.

"Kelele zimenizidi," alimwambia Wankyo. "Mama, wewe ulikuwaga unatusikia mimi na bibi yako. Zipi zinalia kama zamani?"

Wankyo alijua. Jamani, alijua kabisa! Kwenye spika nyepesi gitaa lililia kama lile ambalo bibi alikuwa akiliitikia jikoni huku anasonga ugali. Kwenye zile nyeusi lilisikika kama limefunikwa blanketi. Lakini fundi alikuwa amezijaribu zile nyeusi kwa muziki wa simu pia, na besi ikatikisa meza. Wankyo akajiona na wenzake, msiba ukishaisha, wakicheza uani, Guta nzima ikiwasikia. Alikuwa amechoka na nyumba ya vilio. Tena babu si hasikii vizuri? Atajuaje?

"Hizi nyeusi, babu," alisema. "Ndizo zenyewe."

"Una hakika?"

"Kabisa, babu."

Felisian alimtazama kidogo, kisha akachukua bisibisi.

Kesho yake babu alioga, akavaa shati safi, akaketi mbele ya amplifaya. Alianza ule wimbo. Alipiga kidogo, akasimama, akaongeza sauti. Akapiga tena. Akaweka kiganja juu ya boksi la mashine, akalisogelea hadi sikio likagusa kitambaa. Wankyo alisimama mlangoni akimtazama.

Babu akalaza gitaa chini taratibu.

"Basi. Masikio yameisha," alisema. "Spika ndizo zenyewe na mimi nasikia mvumo tu. Wimbo wa Tereza siusikii tena." Machozi yalimshuka, wala hakuyafuta. "Hilda! Mwambie Masatu wa kwaya atafute mtu mwingine wa kupiga siku ya arobaini. Mimi sipigi."

Hilda, mama yake Wankyo, alitoka jikoni mikono imejaa unga. Alipoona baba mkwe wake analia, naye akajifuta macho kwa kanga.

Wankyo hakuweza kuvumilia. Alipiga magoti mbele ya babu, akasema karibu na sikio lake kwa sauti iliyokatikakatika: "Siyo masikio, babu. Ni mimi. Nilikudanganya. Zile za karatasi nyepesi ndizo zilizolia kama zamani. Mimi nilitaka besi."

Hilda alishika kichwa. "Wankyo! Babu yako kabisa, na msiba huu?"

Babu hakumpiga wala hakumkemea. Aliinuka, akachomoa waya wa gitaa, akaukunja taratibu, na hilo lilimuuma Wankyo kuliko kiboko.

Walirudi Musoma. Wankyo mwenyewe alimweleza fundi alichokifanya, huku ameinamisha uso, na Felisian akabadilisha spika.

Siku ya arobaini, baada ya ibada, babu alikaa mbele ya ndugu na majirani. Kabla ya kuanza aligusa uzi mmoja, akamgeukia Wankyo.

"Ndizo zenyewe?"

"Ndizo, babu."

Babu alimtazama. Kisha macho yake yakampita Wankyo, yakaenda kwa Hilda. Hilda alipotikisa kichwa kukubali, ndipo mzee akaanza kupiga. Wankyo alikuwa amesema kweli tupu, na kweli yake haikutosha. Alilia kwa uchungu hadi wimbo ukaisha.

Watu walipiga makofi. "Hongera, mzee! Hukukosea hata kidogo!" Masatu alimpigia kelele sikioni. Babu alitabasamu kidogo tu, akamwita mjukuu wake kwa mkono.

"Na wewe unasemaje?"

Wankyo alisogea mbele. Watu wote walikuwa wanamtazama. "Ubeti wa pili uliukosea, babu. Uliruka mahali bibi alipokuwa anaitikia. Na uzi wa chini umelegea."

Wageni waliguna. Masatu alimkata jicho. Lakini babu alimvuta karibu, akamshika bega.

"Kukusamehe, nilikusamehe siku ileile," alisema. "Kukuamini ndiko kunakochukua muda. Mtu asiyesikia akikupa masikio yake, amekupa na moyo wake. Ukimdanganya, hata siku utakayomwambia kweli atabaki anatafuta mwingine wa kumuuliza. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, babu."

"Haya, nikazie huo uzi. Ukifika panapotakiwa, niambie."

Wankyo alizungusha ufunguo wa gitaa, akausikiliza uzi, akazungusha tena kidogo. "Hapo, babu."

Safari hii mzee hakumtazama Hilda. Alifumba macho, akaupiga ubeti wa pili wa Tereza upya.